Bangi ya Tiba California: Madiwani Waliokimbia Kazi Yao

Mwezi Novemba 1996 wapiga kura wa California walipitisha Hoja ya 215 kwa zaidi ya asilimia 55 ya kura. Sheria yenyewe ilikuwa fupi mno. Ilisema mgonjwa wa saratani, UKIMWI, glakoma, maumivu sugu au maradhi mengine ambayo bangi inaweza kuyapunguza makali asishtakiwe na jimbo kwa kuwa nayo au kuilima kwa matumizi yake, mradi daktari amempendekezea. Kuhusu mahali atakapoipata, sheria ilitoa maelezo machache tu: ilizihimiza serikali ya shirikisho na serikali ya jimbo ziandae mpango wa kuisambaza kwa usalama na kwa bei nafuu kwa wagonjwa wote wenye uhitaji. Shirikisho halikutaka hata kusikia. Jimbo lilikaa karibu miaka 20 kabla ya kuweka mfumo wa leseni. Halmashauri za miji na kaunti, ambazo hazikutajwa kabisa katika himizo hilo, ndizo zilizoamka na kukuta maduka ya bangi yamefunguliwa mitaani kwao.

Kwa miaka mingi lawama za sakata hili zimepelekwa Washington, na Washington inastahili fungu kubwa. Lakini ukifuatilia mji kwa mji, unaona watu wenye sheria ileile ya jimbo, chini ya tishio lilelile la shirikisho, wakipata huduma tofauti kabisa kutegemea madiwani wao waliamua nini. Baraza lililokubali kuandika kanuni mapema liliwapa wagonjwa wake duka linalokaguliwa. Baraza lililokwepa liliwaachia duka la kichochoroni, au liliwaacha mikono mitupu. Msimamo wangu ni kwamba mgonjwa wa California aliangushwa kwanza na wawakilishi wake wa karibu kabisa, wale ambao angeweza kwenda kuwaona kwa basi.

Msomaji anaweza kuuliza: kama ni dawa, kwa nini isiuzwe famasi? Jibu liko katika sheria ya shirikisho ya mwaka 1970, iliyoiweka bangi katika Jedwali la Kwanza pamoja na heroini, yaani miongoni mwa vitu vinavyohesabiwa kuwa havina matumizi ya kitabibu yanayokubalika. Kwa hiyo daktari hawezi kuiandikia cheti, na mfamasia hawezi kuiweka kwenye rafu. Mwaka 2002, katika kesi ya Conant dhidi ya Walters, mahakama ya rufaa ya shirikisho iliwakinga madaktari kwa kiasi fulani: wana haki ya kumpendekezea mgonjwa bangi, maana kupendekeza ni kusema, na uhuru wa kusema unalindwa na katiba. Zaidi ya hapo mlango ulifungwa. Matokeo yake likazaliwa duka la aina yake. Linauza kitu kinachoitwa dawa lakini halisimamiwi na bodi ya famasi. Linahudumia watu wanaoitwa wagonjwa, lakini hakuna dozi iliyoandikwa popote, na muuzaji nyuma ya kaunta hakulazimika kusomea chochote.

Kwamba bangi huwasaidia baadhi ya wagonjwa, hilo halina ubishi mkubwa tena. Ripoti ya Akademia za Taifa za Sayansi za Marekani ya Januari 2017 ilikuta ushahidi wa kutosha kwa mambo machache: maumivu sugu kwa watu wazima, kichefuchefu kinachotokana na dawa za saratani, na kukakamaa kwa misuli kwa wenye ugonjwa wa neva uitwao sklerosisi (multiple sclerosis). Mwaka uliofuata mamlaka ya dawa ya shirikisho, FDA, iliidhinisha Epidiolex, dawa iliyotengenezwa kwa kemikali ya CBD iliyosafishwa kutoka kwenye mmea huohuo, kwa aina mbili za kifafa kikali kinachoanza utotoni. Ripoti hiyohiyo haikusema bangi inaponya saratani, na anayemwambia mgonjwa hivyo anamdhulumu. Lakini orodha hiyo fupi ina watu wengi ndani yake, na kila mmoja anaishi katika mji wenye baraza.

Mahali pa kuanzia ni San Francisco. UKIMWI ulipokuwa ukiwamaliza vijana wa mji ule, kabla dawa za kufubaza virusi hazijapatikana, watu waliona kwa macho yao kwamba mgonjwa aliyeshindwa kula kwa siku nyingi aliweza kumeza chakula baada ya kutumia bangi. Mary Rathbun, mama mtu mzima aliyejitolea kuhudumia wagonjwa katika hospitali kuu ya jiji, alikuwa akioka keki za chokoleti zenye bangi na kuwagawia bure. Alikamatwa zaidi ya mara moja, na kila alipoachiwa alirudi jikoni. Rafiki yake Dennis Peron, aliyefiwa na mwenzi wake kwa ugonjwa huo, aliongoza kampeni ya Hoja P mwaka 1991, ambapo karibu asilimia 80 ya wapiga kura wa jiji waliunga mkono bangi ya tiba. Baada ya hapo alifungua klabu ya wanunuzi, na kutokea humo ikaandaliwa ile Hoja ya 215.

Klabu ya Peron ilikuwa na kasoro ya kisheria ambayo ilikuja kuwatesa wote waliomfuata. Hoja ya 215 ilimruhusu mgonjwa mwenyewe na mlezi wake wa karibu, basi. Maduka yakaanza kujiita walezi, duka moja likilea maelfu ya watu. Mwaka 1997 mahakama ya rufaa ya California ililikataa dai hilo: mlezi ni yule anayewajibika kila siku kwa makazi, afya au usalama wa mgonjwa, na mwenye duka si huyo. Mwaka 2003 bunge la jimbo lilipitisha sheria iliyoruhusu wagonjwa kuungana kulima kwa pamoja kama vyama visivyo vya faida, bila kutamka waziwazi kwamba duka la barabarani ni halali au si halali. Waliopaswa kuamua waliiacha sheria ielee, na ikaelea hadi mezani kwa madiwani.

Ng'ambo ya ghuba, Oakland ilichukua hatua. Mji huo tayari ulikuwa na msongamano wa maduka katikati yake, eneo ambalo wenyeji walilibatiza Oaksterdam. Mwaka 2004 baraza lilipitisha sheria ndogo: maduka manne tu, kila moja na kibali chake, kila moja na masharti ya ulinzi, saa za kazi na ukaguzi wa hesabu. Wengine wote walitakiwa kufunga. Mwaka 2009 wapiga kura wa Oakland waliidhinisha kodi maalumu, dola 18 kwa kila dola 1,000 za mauzo, kwa karibu asilimia 80 ya kura, na wenye maduka wenyewe walikuwa mstari wa mbele kuiomba. Walitaka watozwe kodi kwa sababu walijua kodi inawapa uhalali.

Sisemi Oakland ilikuwa pepo. Maduka manne kwa mji wa watu wapatao 400,000 yalikuwa machache, na vibali vikawa mali ya wachache waliowahi. Lakini tazama kilichofuata. Duka la Harborside, lililofunguliwa mwaka 2006, lilifika mahali pa kuwa na wagonjwa zaidi ya 100,000 walioandikishwa. Mwaka 2008 mji huohuo ukapata maabara ya kwanza ya kibiashara ya kupima bangi, na Harborside likaanza kupeleka sampuli kupimwa nguvu na ukungu wakati hakuna sheria yoyote ya jimbo iliyolilazimisha. Mtu aliyetibiwa saratani, ambaye kinga yake ya mwili imeporomoka, anaweza kuuawa na ukungu ambao mtu mzima wa afya asingeuhisi. Duka lenye kibali, lenye jina la kulinda na miaka mbele yake, lina sababu ya kupima. Duka linalojua litafungwa mwezi ujao litagharimia maabara kwa ajili ya nini?

Kisha shirikisho lilipokuja, Oakland ilisimama. Julai 2012 mwendesha mashtaka wa shirikisho alifungua kesi ya kutaifisha jengo la Harborside. Miezi mitatu baadaye jiji la Oakland lenyewe liliishtaki serikali ya shirikisho ili kuizuia, likieleza kwamba kufungwa kwa duka kungewasukuma wagonjwa wake kwa wauzaji wa mitaani. Kesi ya kutaifisha iliachwa mwaka 2016, na duka lilikuwa bado wazi. Hapo ndipo ninapouliza wale wanaosema madiwani hawakuwa na la kufanya mbele ya Washington: mbona hawa walifanya?

Los Angeles ilikwenda njia nyingine, na inafaa tuikague polepole kwa sababu karibu kila kosa linalowezekana lilifanyika pale. Mwaka 2005 polisi wa jiji walikuwa wanajua maduka manne. Kufikia mwisho wa 2006 walihesabu 98. Baraza likaona joto, na mwaka 2007 likatangaza zuio la muda: maduka yaliyopo yajiandikishe, mapya yasifunguliwe hadi kanuni za kudumu ziandikwe. Zaidi ya 180 yalijiandikisha. Kama kanuni zingeandikwa ndani ya mwaka mmoja, habari ingeishia hapo.

Lakini zuio lilikuwa na kifungu cha huruma. Mwenye duka aliyeona zuio linamletea ugumu usio wa haki aliweza kuomba aondolewe kwenye katazo. Wajanja walikisoma vizuri: unajaza fomu ya ugumu, unaipeleka ofisi ya karani wa jiji, unagongewa muhuri wa kupokelewa, halafu unafungua duka ukisubiri majibu. Majibu hayakuja. Fomu zilifika mamia, na kwa karibu miaka miwili baraza halikuamua hata moja. Jiji lililokuwa limepiga marufuku maduka mapya likawa linaongoza Marekani nzima kwa maduka mapya. Oktoba 2009 jaji akaamua kwamba hata zuio lenyewe lilikuwa limeongezwa muda kinyume cha sheria. Kufikia hapo hakuna ofisi ya jiji iliyoweza kutaja idadi kamili ya maduka, na makadirio yalianzia mia tano na kupanda.

Hayo yalifanywa na baraza la jiji la pili kwa ukubwa Marekani, lenye mawakili, wataalamu wa mipango miji na bajeti ya mabilioni. Halikushindwa kwa kukosa uwezo. Lilishindwa kwa sababu kila diwani aliona kuna kura za kupoteza upande wowote atakaoegemea, na fomu iliyokaa kwenye faili haimpotezei mtu kura.

Wakazi walikuwa na haki ya kukasirika, na hapa siko upande wa wale waliowaita washamba au maadui wa wagonjwa. Pembeni mwa ufukwe wa Venice Beach vijana waliovaa mavazi ya kijani walisimama wakiita wapita njia waingie wamwone daktari. Unatoka na pendekezo mkononi ukitaja maumivu ya mgongo. Mama aliyekuwa akipitisha watoto kwenda shule mbele ya maduka matatu yaliyopangana, na wateja wakivuta ndani ya magari yaliyoegeshwa, hakuwa anabuni kero. Mwaka 2010 jimbo likapiga marufuku maduka kuwa ndani ya futi 600 kutoka shuleni, takriban mita 180. Kila mkazi aliyelalamika alikuwa anadai kitu ambacho ni kazi ya kawaida ya halmashauri: nani afungue biashara gani, wapi, na saa ngapi.

Baraza lilipozinduka lilirukia upande wa pili. Sheria ndogo ya mwaka 2010 iliweka kikomo cha maduka 70, huku ikiyapa nafasi yale ya 2007, na mara moja ikazama katika kesi lukuki. Halafu Julai 2012 madiwani 14 walipiga kura ya kufunga maduka yote, bila hata mmoja kupinga. Wenye maduka na chama cha wafanyakazi wakakusanya saini za kutosha kulazimisha kura ya maoni, na kufikia Oktoba baraza likaifuta sheria yake lenyewe. Katika mjadala wa siku hizo alisimama diwani Bill Rosendahl, ambaye alikuwa anaugua saratani na alikuwa amewaambia wenzake waziwazi kwamba yeye ni mtumiaji wa bangi kwa pendekezo la daktari. Aliwauliza mtu kama yeye aende wapi. Ilibidi mgonjwa awe mmoja wao, ameketi kwenye kiti kama chao, ndipo swali hilo lisikike ukumbini.

Mei 2013 suala likapelekwa kwa wananchi, na Hoja D ikapita kwa zaidi ya asilimia 60. Maduka 135 yaliyojiandikisha mwaka 2007 na kutimiza masharti yaliruhusiwa kubaki. Nasema yaliruhusiwa, lakini hata hapo baraza halikuthubutu kutoa kibali. Hoja D ilitoa kinga tu: jiji halitawashtaki. Kibali kina mkaguzi, kina masharti ya kusasishwa kila mwaka, kinaweza kunyang'anywa. Kinga haina mkaguzi. Wakati huohuo jiji lilikuwa likitoza kodi maalumu ya bangi tangu 2011, na ofisi ya fedha ilitoa hati ya usajili wa kodi kwa yeyote aliyejitokeza kulipa. Wenye maduka yasiyo na kinga yoyote waliiweka hati hiyo kwenye fremu, wakaitundika ukutani, na mteja aliyeingia aliona nembo ya jiji akaamini yuko mahali halali. Fedha zilipokelewa dirisha moja, na dirisha la pili likasema duka hilo halitambuliki.

Wanaoitetea Los Angeles husema mahakama ziliwachanganya, na kuna ukweli ndani yake. Jirani yao Long Beach alijaribu kufuata njia ya vibali mwaka 2010: ada ya maombi ilizidi dola 14,000 isiyorudishwa, na washindi wakapatikana kwa bahati nasibu. Oktoba 2011 mahakama ya rufaa ikasema mji hauwezi kutoa kibali cha jambo ambalo shirikisho limelikataza. Kwamba kusamehe kunawezekana, kuidhinisha hapana. Mwezi huohuo waendesha mashtaka wanne wa shirikisho katika jimbo walitangaza operesheni na kuwatumia barua wenye majengo. Long Beach ikafuta vibali na kupiga marufuku. Naielewa hofu hiyo. Ila Oakland nayo ilisoma hukumu hiyohiyo na barua hizohizo, na haikufuta.

Mei 2013 Mahakama ya Juu ya California ilimaliza ubishi katika kesi ya jiji la Riverside. Majaji wote walikubaliana: hakuna kitu katika Hoja ya 215 wala sheria ya 2003 kinachouondolea mji mamlaka yake juu ya matumizi ya ardhi, na kwa hiyo mji unaweza kuyapiga marufuku maduka yote ndani ya mipaka yake. Kisheria siwezi kuipinga. Kisera ilikuwa pigo, kwa sababu iliwapa madiwani mamlaka yasiyo na wajibu wowote ulioambatana nayo. Mji unaokataza duka haulazimiki kueleza wagonjwa wake watapata wapi dawa yao. Hauulizwi. Bunge la jimbo lilikuwa na nafasi ya kuunganisha mambo hayo mawili mwaka 2015, lilipounda mfumo wa kwanza wa leseni za bangi ya tiba, na tena wapiga kura walipopitisha Hoja ya 64 mwaka 2016 iliyohalalisha matumizi ya burudani. Mara zote mbili mamlaka ya halmashauri kukataa yalibakizwa mazima, kwa kuwa bila hilo miji ingepigana na sheria yenyewe. Hadi leo zaidi ya nusu ya miji na kaunti za California haziruhusu duka la rejareja la bangi.

Katika miji hiyo bangi haikutoweka. Wauzaji wasio na leseni walijaza pengo, na mwaka 2019 Marekani iliona bei ya hilo. Watu walianza kufika hospitalini wakiwa hawawezi kupumua baada ya kuvuta sigara za kielektroniki zenye mafuta ya bangi. Hadi Februari 2020 vituo vya shirikisho vya udhibiti wa magonjwa vilikuwa vimeorodhesha wagonjwa 2,807 waliolazwa au kufariki, na vifo 68. Chanzo kikuu kilichobainika ni asetati ya vitamini E, mafuta yaliyochanganywa humo, na sehemu kubwa ya bidhaa zenye THC, kemikali ya bangi inayolevya, walizovuta zilitoka kwa marafiki, familia na wauzaji wa mitaani au wa mtandaoni. Tangu 2018 duka lenye leseni California linapaswa kuuza tu bidhaa iliyopimwa maabara na kuwekewa lebo. Diwani aliyekataa duka hilo aliamini anaulinda mji wake dhidi ya bangi. Alichokiondoa ni kipimo cha maabara.

Kuna dhuluma nyingine ambayo haikuzungumzwa vya kutosha. Soko la burudani lilipofunguliwa Januari 2018, mgonjwa alimezwa. Vikundi vilivyokuwa vikiwagawia bure wagonjwa maskini, kwa mtindo wa Mary Rathbun, vilijikuta vinatozwa kodi kwa bangi ambayo havikuiuza, kana kwamba sadaka ni biashara. Vingi vilisimama. Muswada wa kuwaondolea kodi hiyo ulipigwa turufu na gavana Jerry Brown mwaka 2018, ukapita mwaka uliofuata chini ya Gavin Newsom, na ukapewa jina la Dennis Peron na Brownie Mary, jina la utani la Rathbun. Wote wawili walikuwa wameshafariki. Halmashauri nyingi wakati huo zilikuwa zinahesabu mapato ya kodi ya bangi kwenye bajeti zao, na mgonjwa asiye na kitu hakuwa na safu yake katika hesabu hizo.

Kwa Waswahili wanaoishi California, mambo haya yana makali ya ziada. Aprili 2019 idara ya uraia na uhamiaji ya Marekani ilitoa mwongozo kwamba kujihusisha na bangi, hata pale jimbo linaporuhusu, kunaweza kumzuia mwombaji wa uraia kuonekana mwenye mwenendo mwema. Haijalishi kama ulikuwa mgonjwa mwenye pendekezo la daktari au karani unayepokea mshahara halali katika duka lenye leseni ya jimbo na kibali cha jiji. Kijana aliyetoka Mombasa au Bukavu, mwenye kadi ya kijani, anaona tangazo la kazi mlangoni pa duka lenye nembo ya jiji na anaamini yuko salama. Madiwani waliolipatia duka hilo kibali wangeweza kabisa kuweka sharti moja dogo, kwamba mwajiri amwonye kwa maandishi mfanyakazi asiye raia. Ndugu yangu unayesoma haya ukiwa Sacramento au San Diego, kabla ya kujaza fomu yoyote ya kazi hiyo muone mwanasheria wa uhamiaji.

Afrika Mashariki nayo imeanza kugusa jambo hili, kwa mlango tofauti. Mwaka 2021 Rwanda ilitoa amri ya waziri inayoruhusu kulima na kusindika bangi ya tiba kwa ajili ya kuuza nje, huku matumizi ya burudani ndani ya nchi yakibaki kosa. Kenya ilishuhudia George Wajackoyah akigombea urais mwaka 2022 kwa ahadi ya kulima bangi, na mjadala ukawa wa fedha za kigeni. Tanzania bado inakataza, na Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya inateketeza mashamba. Katika mijadala yote hiyo nasikia swali la iruhusiwe au isiruhusiwe, na swali la mkulima atapata kiasi gani. Sijasikia mtu akiuliza ni nani atakayesimamia duka siku mgonjwa wa hapa atakapotaka kununua: wizara ya afya, serikali ya kaunti au ofisi ya biashara ya halmashauri. California iliruka swali hilo mwaka 1996, na wagonjwa wake wakalilipia kwa zaidi ya miaka 20.

Kama ningekuwa na sauti Sacramento, makao makuu ya jimbo, nisingewanyang'anya madiwani mamlaka yao. Ningeyafunga na wajibu. Halmashauri inayotaka kupanga mahali pa duka ipange. Ila ikae na muda maalumu wa kuandika kanuni, na muda huo ukipita, leseni ya jimbo itoshe peke yake. Zuio la muda lisiongezwe zaidi ya mara moja. Ombi lisilojibiwa ndani ya siku zilizowekwa lihesabiwe limejibiwa, na sheria itamke kabisa kwamba limekubaliwa au limekataliwa, ili asiwepo mtu wa kufungua duka kwa muhuri wa kupokelewa. Na kila mji unaotoza kodi ya bangi ueleze kwa takwimu, kila mwaka, ni kiasi gani kimekwenda kwenye ukaguzi.

Bunge limepiga hatua moja ya maana. Sheria ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Januari 2024, inaikataza miji kuzuia bangi ya tiba isipelekwe nyumbani kwa mgonjwa. Mtu aliyelala kitandani katika mji usio na duka sasa anaweza kupiga simu mji wa jirani na gari likaja mlangoni kwake. Imechukua miaka 27 tangu Hoja ya 215, lakini imefika.

Inabaki shida ya mlango wenyewe. Mgonjwa maskini anayeishi katika nyumba yenye ruzuku ya shirikisho anaweza kuletewa mzigo wake kihalali kwa sheria ya jimbo, na akiutumia ndani ya chumba chake anaweza kufukuzwa kwa kanuni za shirikisho. Nje hawezi, maana California inakataza kuvuta bangi hadharani. Sheria ya jimbo inatoa njia moja: kumbi maalumu za matumizi, kama zilizofunguliwa West Hollywood tangu 2019, ambako mtu anaweza kukaa na kutumia chini ya usimamizi. Kibali cha ukumbi wa aina hiyo kinatoka kwa halmashauri ya mji, na miji mingi bado haijaanza hata kulijadili.